Fungua boksi kabla hujafungua pochi: kufunga kadi ya Wi-Fi kwenye kompyuta ya mezani yenye nafasi finyu

Tangu masika yaishe, meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, imekuwa ikipokea kompyuta za namna moja: zile nyembamba za ofisini, zilizotumika nje kisha zikaletwa kuuzwa kwetu. Mwenyewe huja na kadi ya Wi-Fi mkononi na malalamiko ni yale yale. Kadi imegoma kuingia. Au imeingia lakini kifuniko hakifungi. Au imefungwa vizuri, ila mtandao wa chumba cha pili haioni.

Mara nyingi kadi ni nzima na kompyuta ni nzima. Kilichokosewa ni mpangilio: kadi imenunuliwa kabla boksi la kompyuta halijafunguliwa. Mama mmoja mwenye steshenari alinunua kadi mbili kwa mpigo, zote hazikuingia, akaja ameziweka kwenye mfuko wa vitumbua. "Mwanangu, muuzaji kaniambia inaingia kompyuta yoyote." Hakuna kadi inayoingia kompyuta yoyote.

Kwa hiyo hapa tutafungua, tutapima, ndipo tununue. Kufunga kwenyewe hakumalizi nusu saa ukishajua unachokifanya.

## Mahitaji

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, na nyingine ndogo ya skrubu za breketi (bamba la chuma linaloishika kadi nyuma ya boksi)
- Rula yenye sentimita na milimita
- Simu yenye kamera na tochi
- Kisahani cha kuwekea skrubu
- Brashi mpya ya rangi ya inchi moja, laini na kavu
- Flashi
- Waya wa USB wa simu unaopitisha data, maana nyaya nyingi za bei ya chini zinachaji tu
- Karatasi na kalamu
- Kadi yenyewe, ambayo utainunua baada ya Hatua ya 2

## Hatua ya 1: Zima, maliza umeme uliobaki, fungua

Zima kompyuta kwa njia ya kawaida, halafu chomoa waya wa umeme nyuma. Kuzima swichi ya ukutani pekee nisingekushauri, chomoa kabisa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 15.

Sababu yake ni hii: kompyuta iliyozimwa huku waya ukiwa umechomekwa bado inapitisha volti 5 kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani), ndiyo maana inaweza kuamka kwa kubonyezwa kitufe tu. Ukichomeka kadi wakati huo unaweza kuiunguza pamoja na sloti yake, yaani mfereji inamochomekwa. Kushikilia kitufe kunamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita.

Weka boksi juu ya meza ya mbao, siyo juu ya zulia wala mkeka wa plastiki. Kompyuta nyingi za aina hii hazina skrubu za kifuniko. Zina klipu ya kuvuta ubavuni au nyuma. Ndani utakuta fremu inayobeba diski na DVD imeziba mazabodi. Fremu hiyo huinuka kama kifuniko cha sanduku au huchomoka yote. Kabla hujaiinua, tazama nyaya zake na uzipige picha, kwa sababu fundi anayeinua kwa haraka hukata waya wa diski.

Gusa chuma tupu cha boksi kabla ya kugusa chochote kingine, na rudia kila unaposimama ukarudi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, hivyo mwili haukusanyi chaji nyingi kama bara kwenye ukavu, lakini ofisi yenye kiyoyozi hewa yake hukauka. Kugusa chuma hakukugharimu kitu.

Umefaulu ukiona: mazabodi yote iko wazi mbele yako na hakuna taa yoyote ndogo inayowaka juu yake. Ikiwa ipo inayowaka, umeme bado upo; usiendelee.

## Hatua ya 2: Pima vitu vinne, uandike

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo yenye kazi nzima. Chukua karatasi.

Kwanza, aina ya sloti. Kadi za Wi-Fi za ndani za siku hizi zinatumia sloti ya PCIe. Pima urefu wa kila sloti kwa rula. Ya sentimita 2.5 ni x1, ya karibu 3.9 ni x4, ya karibu 8.9 ni x16. Kadi ya Wi-Fi karibu zote ni x1, nayo inakubali kukaa kwenye sloti yoyote kati ya hizo. Kadi fupi kwenye sloti ndefu haina shida. Sehemu iliyobaki inakaa wazi tu. Kwa hiyo kama skrini yako imechomekwa kwenye mazabodi yenyewe, siyo kwenye kadi ya picha, na sloti ndefu ya kadi ya picha iko tupu, hiyo ni nafasi halali kabisa. Watu wengi wanaambiwa "huna sloti" wakati wanayo, ila ni ndefu kuliko walivyotarajia.

Angalia usiichanganye na PCI ya zamani, isiyo na herufi E mwishoni. Nayo ina urefu wa sentimita 8.5 hivi, mara nyingi rangi nyeupe au ya maziwa, lakini rangi isikuamulie. Tazama kizuizi kilicho ndani ya mfereji wa sloti. Kwenye PCIe kizuizi kiko upande wa nyuma ya kompyuta, kunakochomekwa nyaya. Kwenye PCI kiko upande wa mbele. Kadi ya moja haiingii kwa nyingine, na ukilazimisha utavunja.

Pili, urefu wa dirisha la nyuma. Hapa ndipo ilipo shida ya kompyuta nyembamba. Nyuma ya boksi kuna vibamba vya chuma vinavyoziba matundu ya sloti. Pima urefu wa kibamba kimoja. Ukipata sentimita 12, boksi lako linapokea kadi yenye breketi ndefu, ya kawaida. Ukipata karibu 8, unahitaji breketi fupi. Katikati ya vipimo hivyo viwili hakuna kingine.

Tatu, nafasi ya ndani. Tazama kilicho jirani na sloti. Kadi ya picha yenye feni mara nyingi ni nene, inafunika sloti ya pili. Fremu ya diski ikishashuka inaweza kugusa sehemu ya juu ya kadi. Shusha fremu taratibu huku ukimulika tochi, uone inakaa umbali gani juu ya sloti. Pima pia kina, yaani kutoka ukuta wa nyuma hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele: waya wa diski, feni ya prosesa, au paua saplai (boksi la ndani linalogawa umeme).

Nne, pini za USB za ndani. Hili linahusu wanaotaka Bluetooth pia. Kwenye kadi ya namna hii, Wi-Fi inapita kwenye sloti, lakini Bluetooth inapita kwenye waya mdogo unaochomekwa kwenye pini za USB juu ya mazabodi. Pini zenyewe ni 9, zimepangwa safu mbili: tano upande huu, nne upande wa pili, na nafasi moja ya pembeni haina pini. Pembeni pake huandikwa USB au F_USB. Kompyuta nyingi za ofisini zina seti chache za pini hizo, na zilizopo zimeshachukuliwa na matundu ya mbele. Andika kama ipo iliyo tupu.

Piga picha ya ndani yote, ya nyuma, na ya kibandiko chenye jina la modeli.

Umefaulu ukiona: karatasi yako ina majibu manne. Kwa mfano: "sloti x16 tupu, dirisha sm 8, hakuna kadi nene jirani, pini za USB hakuna." Ukienda dukani na karatasi hiyo, muuzaji hana pa kukupoteza.

## Hatua ya 3: Chagua kadi kulingana na karatasi

Kama una sloti ya PCIe, nunua kadi ya x1 ambayo ndani ya boksi lake kuna breketi mbili, ndefu na fupi. TP-Link TL-WN881ND na Archer T4E ni mifano ya kadi zinazokuja hivyo. Ya kwanza inashika mawimbi ya 2.4 GHz peke yake. Ya pili inashika 2.4 na 5 GHz. Lakini duka hufungua maboksi, na breketi fupi ndiyo kitu cha kwanza kupotea. Mwambie muuzaji akufungulie, uishike mkononi, ndipo ulipe. Jiepushe na kadi yenye antena tatu au nne: breketi fupi mara nyingi haina nafasi ya matundu yote hayo.

Kama boksi ni dogo zaidi, lile la ukubwa wa kitabu kinene, hakuna sloti ya PCIe kabisa. Tafuta sloti ndogo ya M.2 ya kadi ya Wi-Fi, ambayo mara nyingi imejificha chini ya diski. Kadi yake ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30, ndiyo maana inaitwa 2230. Sloti ya Wi-Fi ni ya aina inayoitwa E. Ya diski ni aina ya M. Zinafanana kwa mbali, lakini mkato wao uko mahali tofauti. Kwenye mashine za zamani zaidi utakuta mini PCIe badala ya M.2.

Kwenye M.2 kuna mtego mmoja ambao umewaliza watu wengi. Kadi za Intel 9560, AX201 na AX211 zinaonekana sawasawa na AX200 na AX210, na bei yake huvutia. Lakini zile tatu za mwanzo ni nusu ya kadi: nusu nyingine iko ndani ya chipu za Intel kwenye mazabodi zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Ukiziweka kwenye mashine isiyo na nusu hiyo, hazionekani kabisa, kana kwamba hukuweka kitu. AX200 na AX210 zimekamilika zenyewe, zinafanya kazi kwenye sloti ya kawaida. Soma namba iliyoandikwa juu ya kadi, usisome tangazo.

Kama huna nafasi yoyote, kifaa cha Wi-Fi cha USB ndiyo jibu la haki, na sioni aibu kumwambia mteja hivyo. Au vuta waya wa mtandao: unafika mita 100 na haujali ukuta.

Mwisho, ulinganishe na mfumo wako. Intel AX210 inataka Windows 10 ya biti 64 au zaidi. Kwenye Windows 7 haina draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Kwa anayetumia Linux, AX210 inahitaji kerneli (kiini cha mfumo) 5.10 kwenda juu, na AX200 inahitaji 5.1 kwenda juu.

Kuhusu umeme usiwe na hofu. Kadi ya Wi-Fi inakula wati chache tu, paua saplai ndogo ya ofisini inaibeba bila tabu.

## Hatua ya 4: Pakua draiva kabla ya kufunga

Kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kupakua draiva ya kuipa mtandao. Nimeona watu wakifunga kadi vizuri kisha wakakaa jioni nzima wakiitazama. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa simu au kompyuta nyingine, uiweke kwenye flashi. Draiva ya Wi-Fi na ya Bluetooth mara nyingi ni mafaili mawili tofauti. Chukua yote mawili.

Ukiwa na simu ya Android kuna njia ya akiba: unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, halafu kwenye mipangilio ya simu washa ugawaji wa mtandao kwa USB. Kompyuta itatumia bando la simu kana kwamba ni waya wa mtandao. Ndiyo maana nilitaja waya unaopitisha data.

## Hatua ya 5: Badilisha breketi

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo kadi nyingi zinapoumia.

Kadi inatoka dukani ikiwa na breketi ndefu. Kuna mtu alinijia akiwa ameikunja kwa koleo ili itoshe. Alipoikunja, ubao wa kadi ulipinda pamoja nayo, na kiungo kimoja cha risasi ya kulehemu kikapasuka pembeni ya tundu la antena. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele. Niliuona nilipomulika tochi kwa ubavu. Kadi ilishika mtandao siku mbili, ikapoteza, ikashika tena. Breketi fupi ilikuwa bado kwenye boksi, ndani ya mfuko wa nailoni, haijaguswa.

Laza kadi juu ya kitambaa, upande wenye chipu ukiwa juu. Kama antena zimeshafungwa, zizungushe uzitoe. Tazama jinsi breketi ilivyoshikwa. Kwa kadi nyingi ni skrubu mbili ndogo zinazopita kwenye ubao. Kwa nyingine ni nati zilizozunguka matundu ya antena. Kuna zenye vyote viwili, na ukitoa skrubu peke yake halafu ukavuta, utang'oa tundu la antena.

Legeza skrubu kwa bisibisi inayokaa sawa kwenye kichwa chake. Kubwa itateleza ikale kichwa, ndogo nayo itazunguka bure. Toa breketi ndefu kwa kuivuta mbele, usawa na matundu ya antena, siyo kwa kuinamisha. Ingiza fupi kwa njia hiyo hiyo, na kabla hujakaza hakikisha matundu ya antena yamekaa katikati ya mashimo ya breketi. Kaza skrubu zote nusu kwanza, kisha umalizie. Ukikaza moja mpaka mwisho, breketi inakaa upande na kadi haitasimama wima kwenye sloti.

Umefaulu ukiona: ukisimamisha breketi kwenye meza, ubao wa kadi umenyooka nayo kama herufi L, na ukiitikisa karibu na sikio hakuna kinacholia.

## Hatua ya 6: Safisha sloti

Hatua fupi, lakini kwetu Tanga ni ya lazima. Kompyuta iliyokaa karibu na bahari, iwe Raskazone au Chumbageni, inakusanya vumbi lililochanganyika na chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Sloti iliyokaa miaka bila kadi huwa imejaa.

Pitisha brashi kavu ndani ya mfereji wa sloti, kwa urefu wake, na ugeuze boksi kiubavu ili vumbi lidondoke nje. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini za ndani, hiyo ni kutu ya shaba. Tumia sloti nyingine kama ipo. Kadi yenyewe ishike kingo zake. Meno ya dhahabu usiyaguse kwa vidole.

## Hatua ya 7: Ingiza kadi

Toa kibamba cha nyuma kinachoelekeana na sloti uliyochagua. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini kimeshikwa na mlango mdogo wa plastiki au chuma unaofunguka kwa kidole. Kwingine ni skrubu moja. Kiweke kwenye kisahani.

Elekeza kadi ili ulimi wa chini wa breketi uingie kwenye mwanya kati ya ukuta wa boksi na mazabodi. Ulimi huu ndio unaogoma mara nyingi. Ukigonga mazabodi, kadi itaonekana kama imefika kumbe imeegemea. Ukishauona umeingia mwanyani, weka vidole gumba viwili juu ya ukingo wa kadi, kimoja karibu na breketi na kingine mwisho wa kadi, ubonyeze chini sawasawa. Usiyumbishe kushoto na kulia.

Nguvu inayotakiwa ni kama ya kufunga kopo la maziwa ya unga. Ukilazimika kubonyeza hadi mazabodi inapinda, simama, toa, tazama tena kizuizi cha sloti na mkato wa kadi.

Funga mlango wa kibamba au rudisha skrubu. Usiache bila kufunga kwa kuwa "imekaa tu". Hapa mjini kompyuta husafiri nyuma ya baiskeli, na mitikisiko ya barabara inatosha kuinyanyua kadi nusu milimita. Nusu milimita ndiyo inayofanya isionekane.

Umefaulu ukiona: meno ya dhahabu yamezama yote kwa usawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na breketi imelala bapa kwenye ukuta wa nyuma bila mwanya.

Kwa kadi ya M.2: iingize kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, kisha ishushe na ufunge skrubu yake moja. Halafu kuna viunganishi viwili vya antena, vidogo kama kichwa cha kiberiti. Weka kichwa cha waya juu ya tundu lake kikiwa katikati kabisa, ndipo ubonyeze kwa ukucha, wima. Utahisi kimebofya. Ukibonyeza kabla hakijakaa katikati, kinabonyea na hakitashika tena. Viunganishi vya namna hii vimetengenezwa kuvumilia kuchomekwa mara 30 tu hivi, kwa hiyo usivifanyie majaribio.

## Hatua ya 8: Waya wa Bluetooth

Kama karatasi yako ilisema pini za USB zipo tupu, chomeka waya huo, upande wenye tundu lililozibwa ukielekea nafasi isiyo na pini. Usiuchomeke mahali pa pini za sauti, zile za tundu la hedifoni la mbele. Panafanana, ila pini inayokosekana iko mahali pengine, na ukisukuma kwa nguvu utapinda pini.

Kama hazipo, Wi-Fi itafanya kazi kama kawaida bila waya huu. Kijiti cha USB cha Bluetooth ni bora kuliko kuchomoa matundu ya mbele unayoyatumia kila siku kwa flashi.

Pitisha waya mbali na feni. Baada ya hapo shusha fremu ya diski taratibu, hakikisha haigusi kadi, funga kifuniko.

## Hatua ya 9: Antena, na mahali zinapokaa

Zungusha antena kwa vidole mpaka zikaze. Koleo usilete. Funga zote mbili. Ukifunga moja kasi inashuka na mtandao unayumba.

Sasa fikiri boksi lako linakaa wapi. Kwa kawaida liko chini ya meza, nyuma yake imeelekea ukutani. Antena ziko sentimita kumi kutoka ukuta, na mbele yake kuna boksi zima la chuma. Mawimbi ya Wi-Fi hayapiti kwenye chuma. Nyumba nyingi za zamani hapa Tanga zina kuta nene, na mawimbi ya 5 GHz, ambayo ndiyo yenye kasi, huchoka kwenye ukuta kuliko ya 2.4. Ukiunganisha mambo hayo matatu unaelewa kwa nini simu yako inashika mtandao pale pale ambapo kompyuta inalalamika.

Dawa ya kwanza ni ya bure: geuza boksi, au lipandishe juu ya meza ili antena zionane na mlango wa chumba chenye ruta. Dada mmoja wa steshenari kule Makorora alikuwa anataka kununua kadi nyingine. Tulichofanya ni kulitoa boksi nyuma ya mashine ya fotokopi, nayo ni chuma kitupu, tukaliweka upande wa pili wa meza. Hakununua kitu.

Dawa ya pili ni antena yenye waya na kitako cha sumaku, unayoiweka juu ya kabati au dirishani. Chagua waya mfupi, wa mita moja hivi, kwa kuwa kila sentimita ya waya inapunguza nguvu ya mawimbi, na 5 GHz ndiyo inayoumia zaidi.

Simamisha antena moja wima, nyingine ilaze kidogo. Na diski ya nje ya USB 3 usiiweke karibu nazo: vifaa vya USB 3 hutoa kelele kwenye mawimbi ya 2.4 GHz.

## Hatua ya 10: Washa, simika draiva, pima

Rudisha waya wa umeme, washa. Baadhi ya kompyuta za ofisini zitasimama na onyo kwamba kifuniko kilifunguliwa. Siyo hitilafu, bonyeza kitufe wanachokutajia, mara nyingi F1, itaendelea.

Shika kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, fungua mstari wa Network adapters. Ukiona jina la kadi, vizuri. Ukiona kifaa kisicho na jina chenye alama ya njano, kadi imeonekana ila haina draiva: simika ile ya kwenye flashi, uwashe upya.

Huna hakika draiva ni ipi? Fungua sifa za kifaa hicho, nenda kwenye Details, chagua Hardware Ids. Herufi VEN zinamtaja mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros. Namba ya DEV inayofuata ndiyo chipu yenyewe. Jina lililo kwenye boksi la kadi na jina la chipu mara nyingi havifanani, na draiva inafuata chipu.

Ukishaunganishwa, chomoa waya wa mtandao kama upo ili usipime kitu kingine. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

`netsh wlan show interfaces`

Tazama mstari wa Signal. Ukiwa chumba kimoja na ruta unatakiwa kuona zaidi ya asilimia 90. Mahali pako pa kazi, 60 kwenda juu inafanya kazi bila kukukera. Chini ya 40 rudi Hatua ya 9.

Kisha ilaze kompyuta usingizi, iamshe, uone kama mtandao unarudi. Usiporudi, fungua sifa za kadi ndani ya Device Manager, kwenye Power Management ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme.

## Ikigoma

Kadi haionekani kabisa, hata alama ya njano hakuna. Zima, chomoa, itoe uirudishe ukitazama ulimi wa breketi. Jaribu sloti nyingine. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows: kompyuta za ofisini zina mahali pa kuzima sloti, na wenyewe wa awali wanaweza kuwa waliizima. Kwa M.2, soma tena namba ya kadi. AX201 na ndugu zake ndio washukiwa wa kwanza.

Kompyuta inakataa kuwaka na kutaja kadi isiyoruhusiwa. Baadhi ya mashine ndogo za chapa kubwa zina orodha ya kadi zinazozikubali. Kulazimisha hapa kunahatarisha BIOS. Rudisha kadi dukani, tafuta iliyo kwenye orodha ya modeli yako au tumia USB.

Inaona mitandao ya jirani lakini siyo wako wa 5 GHz. Angalia kama kadi ni ya 2.4 peke yake. Kama ndivyo, hakuna mpangilio utakaoibadilisha.

Wi-Fi inafanya kazi, Bluetooth haipo. Ni waya wa Hatua ya 8 au draiva ya pili.

Inakatika kila baada ya dakika chache. Kaza antena, kisha ingia kwenye ruta uweke chaneli ya 2.4 GHz kuwa 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Chaneli hizo tatu hazigongani zenyewe kwa zenyewe.

Breketi ndefu na kile kibamba cha nyuma viweke kwenye mfuko mmoja, uandike modeli ya kompyuta juu yake. Siku ukiitoa kadi, tundu la nyuma linatakiwa kuzibwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mijusi wanaingia.